Nendeni Wawili, Lakini Msiombe Chumba Kimoja

Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya vijana wanaojiandaa kwenda kujitolea Ujerumani, pamoja na wazazi na walezi wao

Ndugu Mwenyekiti, wazazi na walezi, wazee wetu mlioteremka kutoka Uru, Kibosho, Old Moshi na Marangu asubuhi hii ya ukungu, na ninyi wadogo zangu mnaosafiri: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nimekuja hapa kwa sababu ya swali moja. Wiki iliyopita Mwenyekiti alinipigia simu akaniambia kwamba katika fomu zilizokwisha kurudishwa zimo jozi tatu za marafiki wanaoomba wapangiwe kijiji kimoja, kazi moja na, ikiwezekana, chumba kimoja, naye akaniuliza kamati iwajibu nini. Nilicheka, kwa kuwa miaka kadhaa iliyopita mimi na mwenzangu tuliandika maneno hayohayo kwenye fomu kama hizo, kwa kalamu moja tuliyopokezana. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, na kihamba cha kwao vimetenganishwa na mfongo tu, ule mfereji wa maji. Tulianza darasa la kwanza siku moja, tukapata kipaimara siku moja, na tulipomaliza chuo hatukuona sababu ya kuvuka bahari mbalimbali. Nitakayoyasema leo yanahusu urafiki huo zaidi kuliko yanavyohusu Ujerumani.

Kwanza nieleze mpango wenyewe kwa kifupi, kwa faida ya wazazi. Unaitwa weltwärts, na ulianzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2008 ili vijana wa huko wenye umri wa miaka 18 hadi 28 waende kujitolea katika nchi kama yetu. Kwa miaka ya mwanzo safari ilikuwa ya upande mmoja: wao walikuja, sisi tukapokea. Mwishoni mwa mwaka 2013 ndipo ulipofunguliwa mlango wa pili, wa vijana wa huku kwenda kule. Kijana anayepitia mlango huo huingizwa katika utumishi wa hiari wa serikali yao ya shirikisho, ulioanza tarehe 1 Julai 2011, wakati uleule waliposimamisha uandikishaji wa lazima jeshini. Wazee waliopitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, watalielewa jambo hili upesi: kabla ya hapo kijana wa Kijerumani aliyekataa kushika bunduki alipelekwa kutumikia hospitalini au kwenye makao ya wazee, na uandikishaji uliposimama, mikono ile nayo ikaondoka. Anayejitolea hupewa malazi, chakula, bima na posho, na katika miezi 12 huhudhuria siku 25 za semina. Posho hiyo ni ya sabuni, nauli na vocha, kwa hiyo mzazi anayetarajia mabati kutokana nayo afadhali aendelee na makuti kwa sasa.

Lipo na jambo ambalo huwa halisemwi kwenye mikutano ya kuagana, nami nalisema kwa sababu mtaulizwa. Tunatoka kwenye mlima Kilimanjaro, ambao Wajerumani waliutawala. Pale Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapo, pamoja na viongozi wengine, na ukoo wake umekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi ukiamini kilipelekwa Ujerumani. Mzee mmoja wa kijiji tulichofikia aliniuliza, kwa upole na bila mzaha, kama huku kwetu Wajerumani wanakumbukwa kwa mema. Nilimjibu kwamba wanakumbukwa kwa shule na kwa kamba ya kunyongea, vyote viwili, tena mara nyingi na mtu yuleyule. Alinyamaza kidogo, kisha akaniongezea chai. Msiende huko bila kuijua historia yenu, na msiende kuitupa usoni mwa kila mtu anayewakaribisha mezani.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya Schwäbische Alb, nyanda za juu za mawe ya chokaa kusini mwa Ujerumani, katika jimbo la Baden-Württemberg. Sehemu yake ya juu kabisa hupita mita 1,000 kidogo, yaani ni kama nusu tu ya njia ya kwenda lango la Marangu kwa mtu anayeanzia usawa wa bahari na kupanda kwa pumzi zake. Lakini baridi yake haihesabiwi kwa mita. Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na siku nyingine halionekani kabisa. Sisi tuliozaliwa tukiiona theluji ya Kibo kila asubuhi mawingu yanapofunguka tuliigusa theluji kwa mara ya kwanza huko, kwenye kituo cha basi, na mwenzangu aliionja. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Sisi tulikuwa kuku weusi kwenye theluji, na kila pazia la mtaa lilijua tumetoka saa ngapi na tumerudi na nini.

Kijerumani tulikwisha kujifunza na kufanyia mtihani Goethe-Institut, Dar es Salaam, tukafaulu. Tulipofika tukagundua kwamba kijiji kinazungumza lahaja yake. Ni kama mtu aliyejifunza Kiswahili sanifu darasani halafu akashushwa Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa. Nililielewa tangazo la kituo cha treni, lakini mpishi aliyesimama mbele yangu akiniomba sufuria sikumwelewa neno.

Hapo ndipo urafiki ulipoanza kutudhuru.

Tulipangiwa makao ya wazee, wote wawili, zamu moja, na tukapewa chumba kimoja chenye vitanda viwili. Kila nilichoshindwa kukielewa nilimgeukia mwenzangu, naye akanigeukia mimi, na kwa kuwa wote tulikuwa hatujui, tulikubaliana juu ya maana yoyote iliyotupendeza. Tulikula meza moja tukitazamana. Tulikwenda dukani pamoja, mmoja akishika kikapu na mwingine akisoma bei, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumuuliza mtu kitu. Usiku tulipika ugali wa unga uliotoka Moshi, tukapiga simu Uru, tukalala. Miezi mitatu ya mwanzo tuliishi Uru. Kijiji kile kilikuwa nje ya dirisha, mfano wa picha ya kalenda.

Wenyeji hawakusema neno, maana Waswabia, watu wa nyanda zile, si watu wa maneno mengi. Aliyesema ni bibi mmoja wa miaka tisini na ushei, ambaye kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoka. Siku moja tulikuwa tukitandika kitanda chake, mimi upande huu na mwenzangu upande ule, tukizungumza kwa Kichaga juu ya mtu wa nyumbani aliyeoa ghafla, tukacheka. Bibi yule akajifunika uso kwa mikono miwili akalia. Alidhani tunamcheka yeye. Hakuwa na namna ya kujua kwamba hatumcheki, na sisi hatukuwa na Kijerumani cha kumweleza. Muuguzi wa zamu aliingia, akamtuliza, kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine. Sijausahau mtazamo ule. Tangu siku hiyo tulikatazwa kuzungumza lugha ya nyumbani ndani ya chumba cha mgonjwa, na ninaona walichelewa kutukataza.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi, nayo yalitoka ndani ya chumba chetu wenyewe. Novemba nilikuwa na huzuni ya giza. Nilikuwa nikilia usiku, si kwa sababu yoyote ninayoweza kuitaja, na mwenzangu kwa kunionea huruma alimsimulia mama yake kwenye simu. Mama yake alivuka mfongo kabla ya chai ya asubuhi. Saa nne nilipigiwa na mama yangu, analia, anataka nirudi, amekwisha kuzungumza na mchungaji na mjomba wangu wa Himo. Nilimwona mwenzangu kama mtu aliyenivua nguo njiani. Yeye akaniona asiye na shukrani. Hatukuzungumza kwa siku kumi na moja, na siku kumi na moja ni nyingi mno pale ambapo kati ya kitanda chako na cha mwenzako pana nafasi ya kupitisha mguu mmoja. Kama tungekuwa huku, kila mmoja angekwenda kwao, akanung'unika kwa shangazi, akapoa. Kule hapakuwa na shangazi. Tuliyekuwa tumegombana naye ndiye peke yake tuliyekuwa naye.

Mkuu wa makao, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akivaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alituita ofisini, kila mtu kwa wakati wake. Hakuuliza nani mwenye kosa. Alisema kwamba taasisi ileile inalo shamba la ng'ombe wa maziwa, kilomita nne kutoka pale, ambako watu wenye ulemavu hufanya kazi pamoja na wakulima, na kwamba linahitaji mtu. Akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kukamua. Mwenzangu amekamua tangu utoto. Akahamia shambani juma lililofuata, akapata chumba kwa familia moja ya huko, nami nikabaki na wazee wangu na vitanda viwili.

Ndugu zangu, siku ya kwanza niliyokula peke yangu ukumbini ilinibidi nimwombe mtu chumvi. Ni jambo dogo hata naona aibu kulitaja mbele ya wazee. Lakini ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwa yule mpishi baada ya siku zaidi ya tisini, naye alinijibu kwa Kijerumani cha shule, taratibu, kumbe muda wote alikuwa akikijua, na akaniuliza kwetu tunakula nini na dengu. Nikamwambia wali. Akasema wao hula dengu na tambi zao za mayai zinazoitwa Spätzle. Kesho yake alinionyesha jinsi ya kuzikwaruza kutoka kwenye ubao zikiangukia maji yanayochemka. Zangu zilitoka vipande vinene kama vidole vya mtoto. Alizipakua hivyohivyo, na wazee wakazila.

Nilijifunza pia jambo la heshima, ambalo naomba mlishike vizuri. Sisi tumelelewa kumwita mzee babu au bibi hata kama hatumjui, na kumwita kwa jina la ukoo peke yake ni utovu wa adabu. Kule nilimwita mama mmoja Oma, yaani bibi, nikidhani nimemheshimu, akanijibu kwa ukali kwamba yeye si bibi yangu. Katika makao ya wazee ya Ujerumani mtu huitwa kwa jina la ukoo likitanguliwa na neno Frau au Herr, na kwa kiwakilishi cha heshima, hasa kwa sababu amekwisha kunyang'anywa mambo mengi na uzee, na jina ni kitu cha mwisho alichobaki nacho. Kwao heshima ni kuacha nafasi, kwetu ni kuiziba. Yule bibi aliyelia, ambaye baadaye tulizoeana, alikuwa akikunja vitambaa vya mezani siku nzima: anakunja mara mbili, anapitisha ukingo wa kiganja juu yake, anakunja pembe, anaweka juu ya rundo, rundo likimalizika muuguzi huvikunjua nyuma ya mlango na kumrudishia. Nilikaa naye mchana mwingi tukikunja. Kila kitambaa alikitajia neno moja, kisahani, dirisha, ndugu wa kike, vita, nami nikalirudia, na akinisikia nimekosea alinipiga kidogo kwenye mkono kwa kijiko. Kijerumani nilichonacho leo kwa sehemu kubwa ni chake.

Mwenzangu naye alikuwa akijenga kijiji chake, nisichokijua. Jumapili, basi likiwa halipo, kila mmoja alitembea kilomita mbili, tukakutana kwenye benchi chini ya mtofaa uliosimama peke yake njiani. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke Moshi tulikuwa na kitu cha kusimuliana. Yeye alinieleza juu ya kijana mwenye ulemavu wa akili anayejua jina la kila ng'ombe na asiyejua siku ya juma. Mimi nikamweleza juu ya vitambaa. Tulirekebishana Kijerumani. Aliniomba radhi juu ya simu ile, nami nikamwomba radhi juu ya zile siku kumi na moja. Nyumbani tungetumiana jani la isale, ambalo kwa Wachaga ni la kuombea radhi; pale tulikatiana kipande cha mkate wenye siagi.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Kuna mzazi atakayeondoka hapa akisema huyu mwalimu anasema watoto waende mmoja mmoja. Hapana. Machi babu yake mwenzangu alifariki. Nauli ya kurudi haikuwepo, na hata ingekuwepo asingewahi mazishi. Alikuja chumbani kwangu na mkoba mdogo, akakaa kwenye kitanda kile kilichokuwa kitupu, na siku tatu tulikaa matanga, sisi wawili. Siku ya mazishi mdogo wake alishika simu pembeni ya kaburi, kihambani, kati ya migomba, mtandao ukikatika na kurudi, tukaona mara viatu vya watu, mara anga, mara msalaba. Wimbo ulipoanza tuliimba na sisi. Nani mwingine katika kijiji kile chote angeijua sauti ya pili ya wimbo ule?

Mama mwenye nyumba ya shambani alikuja jioni na keki ya tofaa iliyofunikwa kwa taulo. Alibisha, akaiweka mezani, akasimama. Kwao huwaachia wafiwa nafasi, kama nilivyosema, kwa hiyo alikuwa anageuka aondoke. Mwenzangu akamwambia kwa Kijerumani chake cha zizini kwamba kwetu mtu akija msibani anakaa. Yule mama akavua koti, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, bila kusema kitu, kwa muda wa saa nzima. Kesho yake alirudi na mume wake, na jirani, na wale vijana wawili wa zizini, wakakaa. Viti havikutosha.

Ninachowaambia basi ni kwamba rafiki anahitajika sana, lakini awe umbali wa kutembea.

Nirudi kwenye kazi yenyewe, maana wengi wenu mnadhani mnakwenda kuwafundisha Wazungu kitu au kufundishwa nao, na yote mawili yapo kwa kiasi. Kilichonishangaza mimi ni kuwakuta wanajua kujitolea kwa namna ambayo wazee wetu wangeitambua mara moja. Jumamosi moja mchana king'ora kikubwa kililia juu ya paa la ofisi ya kijiji, nikakimbilia nje nikidhani ni vita. Jirani alikuwa anaosha gari, hata hakuinua kichwa. Akanieleza kwamba ni majaribio ya king'ora cha zimamoto. Zimamoto hao ni nani? Yule mpishi, mwoka mikate, fundi seremala, mwalimu wa shule ya msingi. Nchini Ujerumani miji mikubwa ndiyo yenye askari wa zimamoto wa kulipwa, na waliobaki, takriban watu milioni moja, ni wa kujitolea. Mwezi Mei ghala la nyasi liliwaka moto usiku, nikamwona mwoka mikate amepanda gari la zimamoto na unga bado uko kwenye nywele. Mwajiri hana ruhusa ya kumzuia mtu wa namna hiyo, sheria inamlinda.

Nikawaambia juu ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kijiji. Nikawaeleza jinsi pembe inavyopigwa alfajiri, jinsi kila nyumba inayokunywa kwenye mfongo inavyotoa mtu mwenye jembe au koleo kwenda kuuzibua baada ya masika, na jinsi asiyefika anavyotozwa faini, ambayo zamani ilikuwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Yule mzee aliyeniuliza juu ya historia aliinuka akanipeleka nyuma ya kanisa kunionyesha shimo pana lililoota majani. Alb ni nchi ya chokaa; mvua inanyesha ya kutosha lakini inazama ardhini na kutokea mabondeni. Mababu zao walikunywa maji ya mvua yaliyotuama kwenye mabwawa kama lile, watu na ng'ombe pamoja, na kiangazi walipanda na mapipa kutoka bondeni kwa mikokoteni. Katika miaka ya 1870 ndipo vijiji vilipoungana kwa makundi wakajenga mitambo ya kusukuma maji kutoka bondeni hadi juu. Wao walipandisha maji, sisi tuliyateremsha. Tulizungumza juu ya mteremko na mgawo wa zamu mpaka giza likaingia, na nadhani hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza kijijini pale ambamo hakuna aliyenichukulia kama mtoto wa kusaidiwa au kama mkono wa kuazima.

Na kuhusu mkono wa kuazima niseme wazi, kwa sababu kamati ipo. Sheria yao inataka anayejitolea asichukue nafasi ya mfanyakazi wa kulipwa. Ni sheria nzuri. Lakini makao ya wazee yana upungufu wa watu, na zipo siku wauguzi wawili wakiugua ambapo niliachiwa korido nzima, nikiosha watu ambao sikufundishwa kuwaosha. Kuna mzee wa kiume niliyeambiwa nimwogeshe. Kwetu binti hamwogeshi mzee aliye umri wa babu yake, na huo si ushamba, ni mpaka. Mwenzangu alipoambiwa hivyohivyo mwanzoni alikataa wazi. Mimi nilikubali nikiogopa kuonekana mvivu, na yule mzee akaona haya kuliko mimi. Baadaye nilijua kwamba ningeweza kusema hapana tangu mwanzo, na kwamba upo mratibu wa kupigiwa simu kwa mambo kama hayo. Mzee mwingine alikataa kuguswa na mkono mweusi. Hilo nalo litatokea kwa baadhi yenu, na msilimeze peke yenu. Kamati, naomba namba ya mratibu iandikwe kwenye karatasi na ikabidhiwe kila kijana kabla hajapanda ndege. Sisi tulipewa mwezi wa tano.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, maoni yangu juu ya zile jozi tatu ni haya. Wapelekwe wilaya moja, ikiwezekana vijiji jirani, na kila mmoja awe na kazi yake, familia yake na ufunguo wake. Wakipewa makao mamoja, basi zamu ziwe tofauti. Kabla ya safari wakae na mama zao, wote mezani, wakubaliane ni habari zipi zitakazovuka mfongo na zipi zitakazobaki kwa mwenyewe mpaka aamue kuzisema. Jambo hili peke yake lingetuokolea siku kumi na moja. Na wazazi, mtoto akikaa siku tatu bila kupiga simu, msimpigie rafiki yake kumuulizia. Pengine yupo anakunja vitambaa.

Mwenzangu yuko Arusha siku hizi, ameajiriwa kwenye kiwanda cha maziwa, na ameniagiza niwaambie kwamba soksi za sufu zinunuliwe hukohuko, za mitumba ya soko la Memorial hazifai kwa baridi ile. Fomu zitapokelewa mpaka Ijumaa. Wale ambao wamekwisha kuandika kwenye kile kisanduku cha chumba wanaweza kupata fomu mpya kwa katibu, na mimi nitakuwa pale mlangoni mpaka saa saba, kwa yeyote anayetaka kuuliza asichotaka kuuliza kwenye kipaza sauti.